Ukuta wa Ndani Nao Unabeba

"Ukuta ni wa ndani tu, si naweza kutoboa mlango popote?" Wenye nyumba wa Butembo na Beni wananiuliza hivyo kila mara, na mafundi wengi wanawajibu ndiyo. Jibu ni hapana. Ukuta kuwa ndani hakuonyeshi hata kidogo umebeba uzito gani.

Haja yenyewe naielewa. Nyumba zetu nyingi zina saloni katikati, na milango mitatu au minne ya vyumba inafungukia humo. Kila mlango unakula kipande cha ukuta, fotei zinakosa pa kuegemea, kabati linaishia kukinga dirisha. Kuziba mlango mmoja au kuusogeza kunaweza kuirudishia saloni ukuta mzima. Kazi hiyo ni halali. Kinachobomoa nyumba ni imani kwamba manjanja yamekalia kuta za nje peke yake.

Panda juu ya plafo uangalie. Katika nyumba nyingi za matofali ya kuchoma, fundi alipandisha kuta za vyumba mpaka chini ya paa, kisha akalaza miti ya mikaratusi juu yake. Hapo ukuta wa ndani ndio unaobeba paa. Na hata pale paa linapojitegemea, ukuta huo una kazi ya pili: unaushika ule wa nje usiyumbe. Ukuta mrefu usioshikwa katikati huangushwa na msukumo wa ubavuni, na huku kwetu msukumo huo si hadithi. Tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 kando ya Ruwenzori. Mwaka 1994 ardhi ilitikisika tena upande wa Fort Portal, na Februari 2008 ikawa zamu ya Bukavu. Nyumba inapotikisika, ufa huanzia kwenye pembe ya mlango na kupanda mshazari.

Kwa hiyo lile pendekezo la kila mtu, "tuusogeze mlango mpaka konani," ndilo baya kuliko yote. Acha angalau sm 60 za ukuta kamili kati ya mlango na kona, na vivyo hivyo kati ya mlango na mlango. Matundu yote ya ukuta mmoja, yakijumlishwa, yasizidi nusu ya urefu wake.

Dawa ya pili ya uongo: "Ufa ukitokea tutapiga simenti nzito." Ufa wa mshazari unakueleza kwamba uzito umekosa njia ya kushukia. Ukiupiga plasta umeuficha, hukuutibu. Simenti nzito kwenye tofali laini husinyaa, haikubali kusogea pamoja na tofali, na ufa hutokea tena pembeni yake.

Sasa la kufanya. Kama ukuta unabeba, egemeza paa kwa nguzo pande zote mbili kwanza. Lento ya beto yenye ferabeto imwagwe chini mapema, ikomae wiki 4, iingie ukutani sm 20 kila upande. Ndipo utoboe chini yake.

Kuziba: toa kadri, acha lento ya zamani ilipo, kata meno kingoni ili matofali mapya yashikane na ya zamani. Tumia tofali la aina ile ile, lililoloweshwa maji. Jenga nusu leo, nusu kesho; mwanya wa juu uujaze kwa kuushindilia baada ya wiki. Plasta ije mwisho, juu ya wavu wa kuku unaovuka kiungo.

Chumba kikiwa na njia nyingine, ziba mlango wa zamani kwanza, kisha utoboe mpya. Nyumba ya miti na udongo: usikate kamwe nguzo inayofika kwenye paa. Huna pesa? Hamisha bawaba, mlango ufungukie upande mwingine. Mara nyingi hilo linatosha. Na chumba chenye vyuma madirishani kisizibwe mlango wake wa pekee wa kutokea.

Fundi anayesema "ni wa ndani tu" kabla hajapanda juu ya plafo, usimpe nyundo.