Kopo limeandikwa "100% imerejelezwa"? Soma hapa kabla hujatuma hela

Wafanyabiashara wenzangu, leo nakuja na somo lililonigharimu elfu 60.

Nauza mafuta ya mwili mtandaoni, ya nazi na ya shea. Vikopo nachukua kwa jumla. Siku moja muuzaji wangu akanipigia: "Dada, kuna vikopo vipya, plastiki iliyorejelezwa asilimia mia kwa teknolojia ya kemikali." Vya kawaida nilikuwa nachukua kwa 500, hivi 700. Nikabeba 300. Nikapiga picha, nikaposti: "Vikopo vyetu havichafui mazingira."

Jioni mteja wangu mmoja, mwalimu wa kemia, akaniandikia: "Mdogo wangu, hiyo 100% imo ndani ya kopo au imo kwenye karatasi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba muuzaji cheti, akanitumia picha ya stika ile ile. Wiki nzima bando langu likaishia kwenye kusoma. Mimi niliishia form four, kwa hiyo nakueleza nilivyoelewa.

NJIA MBILI ZA KUREJELEZA

Ya kwanza unaijua. Chupa zinaokotwa, zinachambuliwa, zinaoshwa, zinasagwa, zinayeyushwa. Ni nafuu, ila inataka plastiki safi ya aina moja, na ubora unashuka kila inapozunguka.

Ya pili ni ya kemikali. Plastiki inavunjwa mpaka irudi kuwa malighafi. Inayotangazwa sana inaitwa pairolisisi: unapika plastiki kwa joto la mamia ya nyuzi kwenye tangi lisiloingia hewa. Unapata mafuta, gesi na mabaki meusi. Uzuri wake ni kwamba mafuta hayo yakisafishwa yanaweza kutoa plastiki bora kama mpya, hata ya kuwekea chakula.

SASA SHIDA IKO WAPI?

1. Nishati. Kupika huko kunakula moto mwingi, na gesi inayotoka mara nyingi inachomwa ili kupasha tangi. Hewa ukaa inaongezeka.

2. Uchafu. Plastiki ya PVC ikiingia inatoa asidi inayokula mitambo. Kwa hiyo kuchambua kuko pale pale, gharama inapanda. Na yale mabaki meusi yanaweza kuwa na sumu, lazima yatupwe kwa utaratibu.

3. Mafuta mengi yanaishia kuwa ya kuchoma. Septemba 2024 mwanasheria mkuu wa California, Marekani, aliishtaki ExxonMobil akidai asilimia 92 ya plastiki inayopita kwenye mfumo wao wa aina hii haiwi plastiki tena, sehemu kubwa inakuwa nishati. Kampuni inakanusha. Lakini jiulize: plastiki ikigeuzwa mafuta yakachomwa, hapo umerejeleza nini?

4. Biashara yenyewe ngumu. Mwaka 2019 Shell waliweka lengo la kutumia tani milioni 1 za taka za plastiki kwa mwaka ifikapo 2025. Baadaye wakakiri wenyewe kuwa haiwezekani. Kama wenye mitaji ile wamekwama, mimi na wewe tusinunue maneno.

Tusiwe waongo lakini. Plastiki ya chupa za maji, PET, kuna njia nyingine ya kuivunja bila kuigeuza mafuta. Kiwanda cha Eastman kule Kingsport, Tennessee, kilianza kazi hiyo 2024, kikiwa na uwezo wa kama tani 110,000 kwa mwaka. Kwa hiyo neno "kemikali" peke yake halitoshi, uliza ni njia gani.

HIYO 100% INATOKA WAPI?

Hapa ndipo nilipopigwa. Chukua mfano wa mchele. Mtu anachanganya kilo 10 za Kyela na kilo 90 za kawaida. Kisha anafunga kilo 10 kutoka kwenye mchanganyiko ule ule, anaandika "Kyela 100%", nyingine anauza bila jina. Kwenye daftari hesabu inakubali. Kwenye sufuria yako je?

Viwandani hesabu ya namna hii ipo, na kuna vyeti vinavyoikubali. Kopo linaweza kuandikwa 100% wakati ndani yake kuna kiasi kidogo tu kilichotoka kwenye taka.

NILIFANYAJE?

Nilifuta ile posti, nikaandika nyingine: "Nilisema vikopo havichafui mazingira. Sina ushahidi. Samahani." Niliogopa kukimbiwa. Walioniandikia wengi walikuwa wanauliza bei ya mafuta tu, na yule mwalimu bado ni mteja wangu.

Kabla hujalipia zaidi, uliza:
- Imerejelezwa kwa kuyeyusha au kwa kemikali? Kwa njia gani?
- Asilimia ni ya ndani ya kopo au ya hesabu?
- Cheti kiko wapi, na kina jina la kiwanda gani?

Akikosa jibu, chukua la kawaida, usijisifie chochote. Mimi sasa mteja wa karibu akija na kopo lake safi namjazia, namkata 500. Kopo moja linazunguka mara tatu, nne, na hapo sihitaji stika.

Mtumie mwenzako anayetaka kuagiza vifungashio wiki hii. Elfu 60 ni mafuta ya kuuza.