Land Rover ya zamani inavuja petroli? Usikimbilie kukaza nati

Ukisikia harufu ya petroli kila ukipaki Land Rover yako, usiizoee. Mafuta yanatoka mahali. Mara nyingi shida siyo tangi wala pampu, ni kiungo kimoja kidogo cha paipu ya mafuta.

Handeni na Korogwe magari haya bado yapo kazini. Kiwanda kiliacha kutengeneza Series III mwaka 1985, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshapita miaka 40. Na wenye mapenzi nayo ni wengi: Oktoba 2024 zaidi ya Land Rover 1,000 zilikusanyika Arusha kwenye tamasha lao.

Adui wa viungo vyake ni mtikisiko. Safari za vumbi na mashimo, kama kutoka Handeni kuingia Kilindi, zinachezesha paipu mwaka hadi mwaka mpaka kiungo kinachoka.

Kwa nini ni hatari

Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kutulia, hasa kwenye shimo la gereji. Cheche moja inatosha. Tanzania haijasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, moto wa lori la mafuta lililopinduka ulipoua zaidi ya watu 100.

Kwenye injini ya petroli ya lita 2.25, kabureta iko upande mmoja na manifoldi ya moshi, jirani kabisa. Tone likidondokea pale injini ikiwa ya moto, unacheza na bahati.

Tafuta kwanza panapovuja

Petroli hutembea juu ya paipu na kudondokea mbali na inapotoka. Futa viungo vyote vikauke, kisha zungushia kila kimoja kipande cha tishu safi. Kitakacholowa kwanza ndicho chenye shida.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Kutoka tangi hadi pampu, mafuta yananyonywa. Kiungo kibovu upande huo kinaweza kisidondoshe hata tone injini ikiwa inawaka, badala yake kinavuta hewa. Gari linakohoa na kukosa nguvu ukipanda mlima, na watu wanailaumu kabureta. Kutoka pampu hadi kabureta mafuta yanasukumwa, hapo ndipo utayaona yakitoka wazi.

Kukaza zaidi siyo dawa

Kinachozuia mafuta kwenye kiungo cha chuma siyo meno ya nati. Ni mahali chuma laini kinapobanana na kingine: pete ndogo ya shaba iliyovaa paipu, au mdomo wa paipu uliopanuliwa. Kazi ya nati ni kubana tu.

Pete ikishalala vibaya au mdomo ukipasuka, ukiongeza nguvu unaminya paipu na kula meno. Leo panatulia, wiki ijayo panavuja zaidi.

Ndiyo maana hata ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji haisaidii hapa. Inakaa kwenye meno, siyo panapovuja, na vipande vyake vinaweza kukatika na kuziba njia za kabureta. Mpira wa tyubu nao ukilowa petroli unavimba na kulegea.

Namna ya kutengeneza

1. Paki gari nje, mahali tambarare, na subiri injini ipoe kabisa. Hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu.

2. Toa waya wa betri unaoenda kwenye bodi. Mulika kwa tochi, siyo kiberiti wala taa ya balbu inayoweza kupasuka.

3. Weka chombo chini cha kukinga mafuta. Tumia spana mbili: moja ishike upande uliofungwa, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, paipu inajisokota na kupasuka.

4. Kama ni pete, kata kipande kilichominywa, lainisha ncha kwa tupa, toa unga wote wa chuma, kisha valisha pete mpya ya kipimo kilekile. Kama ni mdomo uliopasuka, fundi aukate na kuupanua upya kwa kifaa chake. Hakikisha paipu bado inafika bila kuvutwa.

5. Kama ni boliti yenye tundu na washa za shaba, weka washa mpya. Zikikosekana, fundi anaweza kuzilainisha za zamani kwa kuzichoma mpaka ziwe nyekundu, mbali kabisa na gari. Kama ni mpira, nunua ule wa petroli, na klipu mpya.

6. Anza nati kwa mkono mpaka igome, ndipo uweke spana, kidogo kidogo.

Jaribu kabla ya kuondoka

Pampu nyingi za zamani zina kishikio kidogo cha kupampu kwa mkono. Pampu, angalia. Pakiwa pakavu, rudisha betri, washa, subiri dakika tano, angalia tena. Kisha tembea mwendo mfupi kwenye barabara mbovu na uangalie mara ya tatu. Kiungo kinachovumilia gari likisimama kinaweza kushindwa likitikisika.

Ukiharibikiwa njiani

Sabuni ya kipande haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana madereva huipachika panapovuja. Inafaa kupunguza mafuta yanayopotea gari likiwa limezimwa na unamsubiri fundi. Siyo ya kuendelea na safari na abiria. Kama panavuja karibu na injini, shusha watu, vuta gari.

Moto ukitokea, usimwagie maji, yanasambaza petroli. Tumia mtungi wa unga, na kama hauzimiki haraka, kaa mbali na piga 114, Zimamoto.

Pete ya shaba ni kitu kidogo sana. Muulize fundi wako leo kama anazo za kipimo cha gari lako, na uweke mbili kwenye boksi la spana.