Binti Aliyeota Meno ya Juu

Mtoto azaliwapo, kabla hata kitovu chake hakijadondoka, watu wazima waliomzunguka huwa wamekwisha kuanza kumsoma: sikio hili ni la ukoo gani, kilio hiki cha usiku wa manane kina maana gani ilhali amekwisha kushiba, na huku kukunja ngumi usingizini ni dalili ya tabia ipi atakayokuwa nayo ukubwani. Katika mwaka huu wa kwanza wa binti yetu, ambao u karibu kutimia hapa Mhezi, kwenye milima ya Upare wa Kusini, nimelitafakari sana jambo hilo, kwa sababu binti huyu aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini.

Pengine msomaji aliye mbali asione ajabu yoyote katika habari hiyo. Walakini kwa wahenga wetu mtoto wa namna hii, aitwaye kigego, alihesabiwa kuwa ni nuhusi iliyoingia nyumbani, na iliaminiwa kwamba akiachwa akue atauletea ukoo wake mauti na maafa. Wala itikadi hiyo haikuwa ya Wapare peke yao, bali ilienea kwa makabila mengi ya bara hata ikafika mwambao. Karibu na Mbaga, katika milima hii hii, upo mwamba uitwao Malameni, na yasimuliwa ya kuwa hadi miaka ya 1930 watoto wachanga waliodhaniwa kuwa na mkosi, wakiwamo hao walioanza kwa meno ya juu, walipelekwa huko wakasukumwa gengeni. Jakob Dannholz, mmisionari Mlutheri aliyekaa Mbaga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika habari nyingi za imani za Wapare, na mwenye kuzisoma leo hutambua jinsi hofu ya laana ilivyoandamana na maisha ya watu tangu kuzaliwa hata kufa.

Mama yangu mzazi ndiye aliyeligundua jino lile. Alikuwa akimlisha mjukuu wake uji, akasikia kijiko kikigonga, akanawa mkono, akapitisha kidole juu ya ufizi taratibu, kisha akanyamaza kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Halafu akachota uji tena akaendelea kulisha. Jioni alinieleza ya kuwa mama yake, ijapokuwa desturi ile ilikuwa imekwisha kukomeshwa alipoanza kulea, alikuwa akiwafunua watoto wake midomo kila asubuhi mlango ungali umefungwa, asije jirani akatangulia kuona. Ndipo nikafahamu kwamba amri yaweza kuikomesha desturi, ilhali hofu yake hubaki kifuani mwa akina mama kizazi kizima baada yake.

Siwezi kuwahukumu wahenga kwa ulimi mwepesi. Waliishi katika zama ambazo watoto walikufa kwa wingi na hapana aliyejua sababu, nao, kwa kuwa moyo wa binadamu haustahimili msiba usio na sababu, waliitafuta mpaka wakadhani wameiona katika kinywa cha mtoto. Hata katika zama zetu, hesabu za taifa za mwaka 1999 zilionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 99 hawakuuona mwaka wa pili; katika hesabu za mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 33. Hao waliosalimika waliokolewa na chanjo, vyandarua, maziwa ya mama na wakunga waliofundishwa kazi. Wala meno hayakuwahi kuwa na dhambi: aghalabu yale mawili ya chini hutangulia, lakini watoto wengine huanza na ya juu, wakala makande kama wenzao, wakakua salama.

Na bado hatujaacha kusoma watoto kama ishara. Leo hapana anayeuliza habari za meno, ila huulizwa mbona hajatembea ilhali mtoto wa fulani alitembea akiwa na miezi kumi, na mama huona haya kana kwamba ametuhumiwa. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wenye afya njema, likaona kwamba wako waliotembea peke yao wakiwa wamepita kidogo tu miezi minane na wako waliochelewa hata wakakaribia miezi kumi na minane. Tofauti ya zaidi ya miezi tisa! Binti yetu husimama dede tu, akashika ukingo wa kitanda, akaketi akaridhika, nami nimejifunza kuridhika naye.

Nitaulizwa: je, kadi ya kliniki nayo si namna ya kumsoma mtoto? Naam, ni namna ya kumsoma, na ndiyo ninayoitetea. Kila nipandapo naye zahanati, nikamwona akining'inia kwenye mizani huku akipiga kelele, muuguzi hutia nukta moja katika ule mchoro, na nukta hizo zikipanda pamoja na umri, mtu hujua chakula chatosha. Zikilala au zikishuka, hujua mapema kwamba mtoto ana haja ya msaada. Alizaliwa na kilo tatu, sasa amekwisha kufikia tisa, yaani mara tatu ya uzito wa kuzaliwa, kama itarajiwavyo kwa umri wake. Kadi humtazama mtoto kwa ajili yake mwenyewe, ajaliwe kuishi. Jicho la Malameni lilimtazama kwa ajili ya watu wazima, wapate kutulia nyoyo zao.

Chanjo ya surua na rubela aliipata alipotimiza miezi tisa, na ya pili inamsubiri atakapotimiza miezi kumi na minane. Siku ya kutimiza mwaka tutapika wali na kuwaita majirani. Wageni kutoka nchi za mbali huletwa kuutazama mwamba wa Malameni, ilhali watoto wetu wengi wenyewe hawajafikishwa, jambo ambalo naliona si haki. Binti huyu, atakapokuwa na umri wa kufahamu, nitampeleka nimwambie wazi yaliyotendeka pale na ni watoto gani waliotendewa, nayo meno yake yalitokaje. Na bibi yake, Mwenyezi Mungu akimjaalia uhai, amekwisha kusema kwamba naye atakwenda.