Upepo wa Ngong na Hesabu ya Tai

Mvua za vuli zikianza kunyesha Nairobi, kumbikumbi hufumuka ardhini kuanzia Karen hadi Kawangware, na wanaowagombania si watoto peke yao. Tai wa nyika, ndege ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita mbili, hutua majanini na kuwadonoa mmoja mmoja kama kuku. Kazaliwa kwenye mbuga za nyasi za Kazakhstan, Urusi au Mongolia, kapita Uarabuni, na sasa anajaza tumbo kwa wadudu ili aendelee na safari ya kusini. Oktoba na Novemba ndege mbuai wengi wa kaskazini hupita Kenya: tai, shakivale, mwewe, kozi. Machi na Aprili hurudi walikotoka. Ni wangapi? Kujua hilo kunahitaji mtu akae mahali pa juu na kuwahesabu.

Mahali pa juu Nairobi pako. Siku isiyo na ukungu Milima ya Ngong huonekana hata ukiwa ghorofani Upper Hill, na matatu namba 111 hukufikisha mjini Ngong, chini ya mlima wenyewe. Kilele chake kirefu kina mita 2,460. Upande wa mashariki kuna uwanda wa Nairobi. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Ufa. Upepo wa mashariki ukigonga mlima huo hauna njia ila kupanda, na tai hujilaza juu yake akafuata mgongo wa mlima bila kupiga bawa. Wahandisi nao waliuona upepo huo. Mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo ilisimamishwa hapo mwaka 1993, na leo shamba hilo la kampuni ya umeme ya KenGen lina uwezo wa megawati 25.5. Mhandisi na tai wamechagua kiwanja kimoja, jambo ambalo tutalirudia.

Mbali na upepo wa mlima, kuna joto pia la kumwinua tai. Kuanzia kama saa tatu asubuhi jua huwa limeshapasha lami, mabati na udongo mweusi wa Athi. Hewa iliyo juu yake hupanuka, huwa nyepesi na kupaa kama nguzo isiyoonekana. Tai wa kilo tatu hawezi kupiga mabawa kutoka Kazakhstan hadi Tanzania. Mafuta ya mwili yangemwishia njiani. Kwa hiyo huingia ndani ya nguzo hiyo, huzunguka mpaka awe nukta tu, kisha huteleza taratibu kuelekea kusini akitafuta nguzo nyingine. Kabla ya saa tatu, basi, mhesabuji ana nafasi ya kunywa chai.

Wakishaanza kupaa, anayeanza kazi hii huwahesabu wakiwa wanazunguka, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu wanapishana juu na chini na yule wa tano anarudi kuwa wa kumi na mbili. Mzoefu husubiri. Wakifika juu kabisa hutoka kwa msururu, mmoja nyuma ya mwenziwe, na kila anayekata mstari aliojiwekea mhesabuji angani hubonyezwa kwenye kidude cha mkononi. Rangi hazisaidii sana ndege akiwa mbali na jua liko nyuma yake. Kinachosomwa ni umbo. Tai ana mabawa mapana yenye manyoya yaliyoachana ncha, kozi ana mabawa yaliyochongoka. Akipita karibu ndipo darubini huonyesha mengine: tai wa nyika ana ukingo wa njano mdomoni unaorudi nyuma hadi ukingo wa nyuma wa jicho, na kinda lake lina mstari mpana mweupe chini ya bawa.

Wenyeji nao huleta fujo. Juu ya Ngong kuna shakivale mwenye mkia wa rangi ya kutu ambaye hapo ndipo kwake; hazungukii safari, anazunguka tu. Asiye makini atamwandika mara kumi na kumpeleka Zambia. Katikati ya jiji kazi ni ngumu zaidi. Mwewe anayempokonya mtu sambusa anaweza kuwa mzaliwa wa Afrika au mgeni aliyeteremka kutoka Ulaya, na tofauti iko mdomoni: wa huku, akikomaa, mdomo wake wote ni wa njano, wakati wa kule una ncha nyeusi. Aliyepoteza sambusa huwa hakuangalia.

Hata hivyo Ngong haiwezi kutupa jibu zima. Ndege wazito huogopa bahari, kwa kuwa juu ya maji nguzo za hewa moto ni dhaifu, hivyo hubanana kwenye milango myembamba. Mmojawapo ni Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti. Mwaka 1987, katika wiki chache za Oktoba na Novemba, watazamaji waliokaa upande wa Djibouti walihesabu karibu ndege mbuai robo milioni, wakiwamo tai wa nyika zaidi ya 76,000. Wakishavuka, bara ni pana na kila mmoja hushika njia yake. Wanaopita juu ya Ngong ni sehemu tu ya msafara.

Ndiyo maana hesabu iliyoshtua wengi nchini Kenya ilifanywa barabarani. Watafiti waliendesha gari polepole wakiandika kila ndege mbuai waliyemwona na kila kilomita waliyopita, hata zile tupu. Hesabu za 1970 hadi 1977 zililinganishwa na za 2003 hadi 2020, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na upungufu wa kati ulikuwa asilimia 70. Bila zile kilomita tupu za miaka ya 1970 kusingekuwa na cha kulinganisha nacho. Marekani walishalijua hili: kwenye mlima wa Hawk Mountain, Pennsylvania, hesabu ilianza mwaka 1934, na orodha zake zilizoonyesha makinda ya tai yakiadimika zilimsaidia mwandishi Rachel Carson kuishtaki dawa ya wadudu ya DDT katika kitabu chake cha 1962.

Kozi wa Amur ana hadithi yake. Ana uzito wa gramu 150 hivi, huzaliana Siberia na kaskazini mwa China, na kwa kuwa hupiga mabawa haihofii bahari: kutoka India hukata zaidi ya kilomita 3,000 za maji bila kutua, kisha huingia Afrika Mashariki pamoja na mvua. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba huko Nagaland, India, makumi ya maelfu yao walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama kitoweo. Wanakijiji walikubali kuacha, na mwaka uliofuata nyavu hazikutegwa. Anga ya Nairobi ilinufaika kwa uamuzi uliofanywa kando ya bwawa la Doyang, huko Nagaland.

Sasa turudi kwa mhandisi na tai. Bawa la mtambo wa upepo likimpiga ndege mkubwa kama tumbusi, hasara haifidiwi haraka, maana tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka na kinda huchukua miaka kadhaa kukomaa. Huko Kajiado, kusini mwa Ngong, shamba la Kipeto lenye mitambo 60 lilianza kazi mwaka 2021 likiwa na watazamaji, vijana wa eneo hilo waliofundishwa kuwatambua tumbusi kwa umbo. Hukaa na darubini mchana kutwa, na tumbusi akikaribia hutoa taarifa, mtambo ulio njiani mwake ukasimamishwa hadi apite. Ni ujuzi ule ule wa kusoma mabawa dhidi ya jua, ila Kajiado mtu hulipwa mshahara kwa kazi ambayo kwingine hufanywa na wapenda ndege siku yao ya mapumziko.