Dhamana za Cabo Delgado: nani alitia saini?

Anayetaka kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi, jirani na mji wa Palma mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, aelewe kwanza dhamana za benki. Katika ujenzi wa aina hii mkandarasi huombwa dhamana ya zabuni, kisha ya utekelezaji, na akipewa fedha za awali hudaiwa ya tatu. Nyingi huandikwa zilipwe pindi zinapodaiwa. Mdai akileta barua inayotimiza masharti ya hati, benki hulipa, na ugomvi wa nani kakosa huja baadaye.

Ukali wake huonekana kazi inaposimama. Palma ilivamiwa na wanamgambo Machi 2021, na Aprili TotalEnergies, kampuni inayoendesha mradi huo, ikatangaza dharura isiyozuilika (force majeure), iliyoondolewa Novemba 2025. Hali kama hiyo humpa mkandarasi nafuu ndani ya mkataba, lakini dhamana ni ahadi ya benki inayojitegemea, na haifi kwa sababu mkataba umelala. Mfanyabiashara mdogo aliyeweka nyumba au akiba yake rehani ili benki imwandikie dhamana huendelea kuilipia ada, ajira hana.

Hata hivyo, dhamana iliyoigharimu zaidi pwani hii iliandikwa Maputo. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali, ProIndicus, EMATUM na MAM, zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa ajili ya ulinzi wa bahari, uvuvi wa jodari na karakana za meli. Waziri wa fedha, Manuel Chang, alitia saini dhamana za serikali bila idhini ya Bunge. Mikopo ya ProIndicus na MAM ilipofichuka mwaka 2016, IMF na wafadhili walisitisha misaada, sarafu ya metikali ikaporomoka na mikopo ya benki ikawa ghali kwa kila mwenye duka, wa Pemba na wa Maputo. Oktoba 2017 wanamgambo walivamia Mocímboa da Praia, kwenye ukanda uleule ambao mitambo ya ProIndicus ilinunuliwa kuulinda.

Baraza la Katiba la Msumbiji lilibatilisha dhamana ya EMATUM mwaka 2019, na zile mbili mwaka 2020. Ungedhani deni limekufa. Halikufa: hati fungani zilizotokana na EMATUM zilikwisha kubadilishwa kuwa deni la serikali yenyewe, na mwaka 2019 zikapangwa upya kuwa dola milioni 900 za kulipwa hadi 2031. Mlipakodi anazilipa. Mahakama ya London iliamua Julai 2024 kwamba Privinvest, muuzaji wa meli, ilimhonga Chang, na Mahakama ya New York ikamfunga miaka minane na nusu Januari 2025.

Kwa maoni yangu, wakopeshaji wale hawakudanganywa na maneno ya hati, kwani yalikuwa safi. Walichopuuza ni mamlaka ya mtia saini, jambo ambalo mwanasheria yeyote wa Maputo angelijibu kwa kufungua Katiba.

Sasa kazi zimerudi Afungi, na wafanyabiashara wa Mtwara wanaitazama ng'ambo ya Ruvuma. Ukipewa dhamana, uliza nani ametia saini na kwa idhini ya nani. Ukiitoa wewe, hakikisha ina tarehe ya kuisha, kiwango cha juu cha malipo, na kifungu kinachosema itakuwaje kazi ikisimamishwa na vita.