Usiuze Kisu cha Babu kwa Bei ya Chuma Chakavu

Msomaji, siku ya soko huko Amukura, au ukienda Malaba na Busia mpakani, waangalie wale wauzaji wanaotandaza gunia chini na kupanga juu yake kufuli zisizo na funguo, spana, bawaba za milango na vipande vya baiskeli. Mara nyingi chini ya vitu hivyo kuna kisu cha kukunja, cheusi kwa kutu, ambacho hakuna anayekiuliza bei. Wengine hawakifikishi hata sokoni. Hukitoa katika sanduku la marehemu mzee wao na kukitia katika mfuko wa vyuma chakavu, kikapimwa kwa kilo pamoja na majembe yaliyokwisha. Kisha mwenye kukiuza huingia dukani akanunua kisu kipya kinachong'aa, na kabla ya mavuno ya wimbi kwisha kisu hicho hakikati tena.

Hasara hiyo haina lazima. Visu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa chuma kizuri kuliko visu rahisi vya leo, na bei yake sokoni ni ndogo kwa sababu muuzaji mwenyewe hajui alichonacho. Yafaa wewe ujue.

Kwanza fungua kisu, utazame shina la bapa, yaani pale chuma chenye makali kinapoingia katika mpini. Hapo ndipo mtengenezaji alipopiga chapa yake. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta, usisugue kwa msasa, maana ukifuta maandishi umefuta cheti cha kuzaliwa cha kisu chako. Chapa ya kweli imezama ndani ya chuma, kwa kuwa ilipigwa kabla chuma hakijakazwa kwa moto. Chapa iliyoandikwa juu juu tu isikutie haraka ya kutoa fedha.

Ukisoma SHEFFIELD, hicho kimetoka Uingereza, katika mji uliosifika kwa visu kwa mamia ya miaka. Nyota ikiwa pamoja na msalaba mdogo ni alama ya Joseph Rodgers, ambayo walipewa mwaka 1682. Herufi I*XL ni za George Wostenholm, na alama hiyo ilianza mwaka 1787. Ukisoma SOLINGEN, hicho ni cha Ujerumani, na tangu mwaka 1938 sheria ya huko inazuia jina hilo kuandikwa juu ya kisu kisichotengenezwa katika mji huo. Maneno W. GERMANY yanakuambia kwamba kisu kilitengenezwa wakati Ujerumani ilipokuwa nchi mbili, yaani kati ya mwaka 1949 na 1990. Na neno STAINLESS, au ROSTFREI kwa Kijerumani, au INOX, maana yake ni chuma kisichoshika kutu upesi. Chuma cha namna hiyo Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913, kwa hiyo kisu chenye neno hilo hakiwezi kuwa cha zamani kuliko mwaka huo, hata muuzaji akiapa.

Kuna alama moja ambayo watu wa upande wetu wangeijua kuliko zote. Ni mshale mfupi mpana, na karibu nao mwaka, kwa mfano 1942. Huo ni mshale wa mali ya Serikali ya Uingereza, na kisu chenye alama hiyo ni cha askari. Wazee wetu wengi waliingia katika King's African Rifles, ile iliyoitwa Keya, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma ikipigana na Wajapani. Kisu cha askari wa vita ile ni kizito, mpini wake mweusi una mikwaruzo ya kuzuia usiteleze, bapa lake ni pana lenye ncha butu, na lipo kopo la kufungulia mikebe. Vingi vina pia msumari mnene mgongoni. Vijana huuliza msumari huo ni wa nini. Ni wa kufungulia mafundo ya kamba, na mwenye kulima kwa maksai, ambaye kamba zake hukazwa na matope na mvua, hana haja ya kuelezwa zaidi. Kisu kama hicho kikiwa nyumbani kwako, tafadhali kisiende kwenye mizani ya chuma chakavu kabla hujawauliza wazee kilivyofika.

Kisu kingine kinachofaa kutazamwa ni Okapi. Mpini wake ni wa mti, umepinda kidogo, umetiwa nyota na mwezi wa bati, na mgongoni pana pete ndogo. Bila kuivuta pete hiyo bapa halikunjiki. Jina lake lilitoka karibu na kwetu. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo. Mwaka 1901 Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa Serikali ya Kiingereza nchini Uganda, aliwajulisha wataalamu wa London habari zake, nao wakampa mnyama huyo jina la kitaalamu lenye jina la Johnston ndani yake. (Wakati huo Amukura nayo ilihesabiwa kuwa ya Uganda, mpaka ulisogezwa mwaka 1902.) Mwaka huo huo wa 1902 Solingen walianza kutengeneza kisu cha Okapi ili kiuzwe katika makoloni ya Ujerumani ya Afrika. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo Okapi yenye neno GERMANY ni ya kabla ya hapo. Ni kisu cha watu wa kazi, hakikuwa cha mabwana, na waigaji wake ni wengi.

Opinel ya Ufaransa, yenye mpini wa mviringo wa mti na mkono wenye taji juu ya bapa, huonekana kwa nadra. Kama ina pete ya chuma inayozunguka kufunga bapa, ni ya mwaka 1955 au baadaye.

Sasa chapa si kila kitu. Kisu chenye jina kubwa na springi iliyokufa hakina faida kwako. Likunjue bapa polepole: likifika mwisho litoe mlio, tak, na kusimama imara. Lishike kwa vidole na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza sana, ribiti imelika. Kisha likunje na kutazama ncha. Ikiwa imechomoza nje ya mpini, bapa limenolewa miaka mingi mpaka limekonda, na umri uliobaki si mrefu. Kutu nyekundu ya juu juu si neno, lakini mashimo ya kutu kwenye makali ni ugonjwa usiopona. Rangi ya kijivu iliyotulia usiiogope kabisa. Hiyo ni ngozi ya chuma cha zamani, ambacho hubadilika rangi kikikata embe au ndimu, na huikinga kidogo kutu nyekundu.

Ukiisha kununua, usikimbilie mashine ya kunolea inayozunguka. Nimeona visu vizuri vikiharibiwa hivyo kwa dakika moja: cheche zikiruka na makali yakigeuka rangi ya samawati, ugumu wa chuma umekwenda wala haurudi kwa kunoa. Tia tone la mafuta ya cherehani penye bawaba, ukiache mpaka kesho. Sugua kutu kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta. Halafu noa kwa kinoo kilicholowa maji, ukiinua mgongo wa bapa kiasi cha unene wa sarafu mbili, kila upande kwa zamu. Samia, jirani zetu, walisifika kwa uhunzi tangu zamani, na fundi mzee wa huko atakuonyesha mkono unavyokwenda kuliko gazeti.

Kazi yake shambani utaiona mwenyewe. Kukata masuke ya wimbi kunataka kisu chepesi chenye makali, na kubebesha miche ya maembe au maparachichi kunataka mkato mmoja laini, maana mkato uliochanika haushikani. Pangusa bapa kwa spiriti kabla ya kwenda mche mwingine, ukaushe na kupaka mafuta kidogo jioni. Usikiache ndani ya ala ya ngozi kwa miezi mingi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kutu huanza humo humo usipoona.

Unapokwenda kwenye mkutano wa hadhara kiache nyumbani, kwani sheria ya Kenya inakataza silaha mahali kama hapo, na askari hatakuuliza kama ni cha kukatia wimbi.