Mapatano ya Mshahara Kabla ya Kushika Kazi

Vijana wengi huondoka vijijini kwenda kutafuta kazi mashambani na mijini, na wengi wao huuliza neno moja tu: mshahara ni shilingi ngapi? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Twapenda kueleza sababu yake, ili wazee na walimu wapate kuwafahamisha vijana kabla hawajafunga safari.

Hapo zamani, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, watu waliandikwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa kwa siku, nafasi moja ilitiwa alama. Asiyemaliza, au aliyeugua, hakupata alama. Mshahara ulitolewa alama 30 zilipotimia, wala si mwezi ulipokwisha. Basi watu wawili waliopatana fedha ile ile hawakuwa sawa: mmoja alijaza kipande chake kwa majuma 5, na mwenziwe alikawia zaidi. Aliyeuliza shilingi asiulize kipimo cha kazi alikuwa hajaujua mshahara wake.

Vipande hivyo vimekwisha, lakini funzo lake lingalipo. Atakaye kazi na amwulize mwajiri kwa adabu mambo manne. Kwanza, fedha hizo ni za siku, za mwezi, au za kipimo cha kazi? Pili, kipimo ni kipi, na nani apimaye? Tatu, malipo ni siku gani? Nne, ni nini kitakachokatwa: chakula, nyumba, au chombo kikivunjika? La nne ndilo lisahauliwalo sana. Watu wa Mombasa walipogoma Januari 1947, kodi za nyumba na bei za vitu zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Maana shilingi nyingi mahali pa ghali huweza kuwa haba kuliko shilingi chache mahali pa rahisi.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamsaidia mfanyakazi katika mapatano haya. Afanyaye kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi ana haki ya kuandikiwa masharti yake, na asiyeyafahamu maandishi sharti aelezwe kwa njia atakayoielewa. Saa za kawaida hazipiti 45 kwa juma; saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Na kitu kikiharibika kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri hana ruhusa ya kukata fedha ghafula: sharti amjulishe kwa maandishi, ampe nafasi ya kujitetea, wala asikate kupita robo ya mshahara.

Aliye kazini tayari, akitaka nyongeza, asiende na manung'uniko matupu. Aende na hesabu: siku alizofanya, saa za ziada, na kazi mpya alizoongezewa. Shauri likiwa la wote, ni vema lisemwe kwa kinywa kimoja kupitia chama cha wafanyakazi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twawasihi walimu wawafundishe vijana kuandika siku zao za kazi tangu siku ya kwanza, kwani ugomvi wa mshahara huanza mwisho wa mwezi, bali dawa yake ni mwanzoni.